Usonji: Tumsubiri Mtaalamu au Tuanzie Nyumbani?

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani (usonji, au autism, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake), viongozi wetu wa Kenya huvaa fulana za buluu, hupigwa picha na watoto, kisha huahidi vituo. Kila kaunti ijengewe chake, chenye madaktari, wataalamu wa therapi na vyumba vya kuchezea. Makofi hupigwa. Upande wa pili wamo watafiti, baadhi ya wazazi na watu wa mashirika wanaosema kituo kimoja kwenye makao makuu ya kaunti hakitamfaa mtoto wa Bamba wala wa Magarini, vijijini Kilifi, na kwamba hela hizo zingefaa zaidi zikipelekwa kwa wazazi wenyewe na kwa wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wote wanadai kutetea haki ya mtoto. Mimi naegemea upande wa pili, ila kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwanza, tunazungumzia watoto wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya Kenya ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, ikaongeza na ualbino. Usonji haukuulizwa peke yake. Na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Wala idadi yenyewe si kitu cha kuaminika mpaka ujue nani alifikiwa na nani aliachwa. Marekani, kwa miaka mingi takwimu za serikali zilionyesha watoto wazungu ndio waliotambuliwa zaidi kuwa na usonji. Katika ripoti ya 2023 mambo yakageuka, watoto weusi, Walatino na wenye asili ya Asia wakawapita. Usonji haukuhama mtaa. Ni uchunguzi uliofika kwa waliokuwa wamerukwa.

Sasa chukua mama wa Ganze, hukohuko Kilifi, mwenye mtoto wa miaka mitatu asiyesema na asiyegeuka akiitwa. Bibi atamwambia asubiri, watoto wa kiume huchelewa kusema, hata baba yake alichelewa. Jirani atamtajia mapepo. Utafiti uliofanywa Pwani na kuchapishwa 2015 ulikuta wazazi wakitaja mapepo, uchawi na laana sambamba na uzazi mgumu na malaria, na wengi wakizunguka kwa mganga, kwa mchungaji au shehe, na hospitalini, kote kwa pamoja. Sioni sababu ya kuwacheka. Mtu asiyepewa jibu na daktari atalitafuta kwingine.

Akifika zahanati ataandikiwa barua ya kwenda Kilifi mjini, na kule anaweza kuambiwa aende Mombasa au Nairobi. Hapo ndipo safari inapokuwa adhabu. Ni bodaboda mpaka barabara kuu, kisha matatu yenye spika zinazotikisa viti, na mtoto ambaye kelele ya kawaida tu humfanya azibe masikio na kupiga mayowe. Abiria wanageuka kumtazama mama. Mmoja anasema mtoto hana adabu, mwingine anauliza kwa nini asimchape. Makanga anataka mtoto apakatwe au alipiwe kiti. Siku hiyo mama hakwenda shambani wala sokoni. Na huko aendako ataambiwa aanze na kipimo cha masikio, arudi siku nyingine kwa daktari wa watoto, arudi tena kwa wa akili. Wengi hukata tamaa safari ya pili, na kwenye daftari la hospitali huandikwa kwamba hawakurudi, kana kwamba ni wavivu.

Anayevumilia hadi mwisho hupata karatasi, na karatasi hiyo ndiyo ufunguo. Bila tathmini ya hospitali inayotambuliwa hapati kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulemavu usipothibitishwa kuwa mkubwa, familia maskini haifikiriwi kwa zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza. Shuleni pia, serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi wa shule ya umma, na nyongeza ya 2,300 kwa mwenye mahitaji maalum, lakini nyongeza humfuata aliyeandikwa. Ukitafuta ukosefu wa usawa ulipojificha, usiishie kwenye uhaba wa madaktari. Uko hapa pia, kwenye utaratibu unaodai karatasi kwanza na msaada baadaye, kwa watu ambao karatasi yenyewe iko mbali nao kuliko wenzao wote.

Wanaotaka tuanzie nyumbani wana hoja yenye uzito, na si ya huruma tu. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa wenye ucheleweshi wa ukuaji, ukiwamo usonji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, vikiendeshwa na watu wasio mabingwa. Haidaiwi karatasi ya daktari ndipo uanze. Mafunzo haya yamekuwa yakijaribiwa katika nchi kadhaa, Ethiopia na Kenya zikiwamo.

Kinachofundishwa ni kidogo na cha kawaida mno, hata mtu wa kituo kikubwa anaweza kukidharau. Tuseme mtoto anapanga vizibo vya soda mstari mmoja ukutani, saa nzima. Desturi yetu ni kumwondoa hapo, au kuvikusanya vizibo na kuvificha. Mama anafundishwa kukaa chini, macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto, naye apange kizibo kimoja kwenye mstari uleule. Kisha anashika kinachofuata mkononi, anatulia. Hasemi "sema mama, sema nikupe." Anangoja. Mtoto akinyoosha mkono, akitoa sauti au akimtupia jicho, anapewa papo hapo na kutajiwa jina la kitu: kizibo. Kesho vilevile, kwenye uji, kwenye maji ya kuoga, kwenye kandambili. Hakuna kifaa kilichonunuliwa hapo. Na mama hufanya kila siku jambo ambalo mtaalamu wa mjini angelifanya kwa dakika 45 kwa wiki, tena kwa malipo.

Je, yanafaa? Jaribio lililofanywa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, na kuchapishwa 2016, lilihusu watoto 65. Wahudumu wasio mabingwa waliwafundisha wazazi namna ya kuwasiliana na watoto wao. Wazazi wakabadilika, wakawa wanaitikia vizuri zaidi anachofanya mtoto, na watoto nao wakaanza kuwasiliana bila kuchokozwa. Ila muda ambao mzazi na mtoto waliangalia kitu kimoja kwa pamoja ulipungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo anayekuambia mafunzo ya wazazi yamethibitishwa kwa kila jambo anakuuzia. Na anayesema wasio mabingwa hawawezi chochote hajasoma.

Upande wa mabingwa nao usipuuzwe, maana hofu yao ni ya kweli. Mtoto asiyegeuka akiitwa anaweza kuwa kiziwi. Mtoto anayekodoa macho na kuganda sekunde kadhaa anaweza kuwa na kifafa, na kifafa huandamana na usonji mara nyingi. Yupo aliyebadilika baada ya malaria iliyopanda kichwani. Utafiti mdogo wa Tanzania uliochapishwa 2006 ulieleza watoto ambao dalili zao zilianza baada ya malaria kali. Haya yote hayaonekani kwa macho ya mtu mwenye mafunzo ya siku chache. Hata dodoso tunazozitumia zina mitego yake. Huuliza kama mtoto anakutazama machoni unapozungumza naye, wakati katika nyumba nyingi za Pwani mtoto anayemkazia macho mkubwa ndiye asiye na adabu. Vile vipimo vinavyotajwa kuwa bora zaidi, navyo, seti moja tu huuzwa zaidi ya dola 2,000, bado hujamlipia mtu mafunzo ya kuitumia.

Lakini hoja yao inayonigusa zaidi ni nyingine. Wanauliza: kwa nini mtoto wa Nyali, mtaa wa wenye nacho Mombasa, apate mtaalamu, na wa Bamba apate mhudumu wa kujitolea na kijitabu? Tukishakubali kwamba mafunzo ya mama yanatosha kwa maskini, serikali itapumua na kusema kazi imekwisha. Hili si jambo la kubuni. Tuna tabia ya kugeuza cha muda kuwa cha kudumu. Vyumba vya mabati vya shule zetu ni ushahidi.

Halafu kuna mzigo. Kenya iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, wakakabidhiwa mikoba yenye vifaa. Kila mmoja ana nyumba zipatazo 100. Wanapima presha na sukari, wanafuatilia wajawazito, wanasajili watu bima ya afya ya serikali, SHA, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali kuu na kaunti huchangia nusu kwa nusu, na ambayo kaunti kadhaa zimelalamikiwa kwa kuichelewesha. Wengi wao ni kina mama wenye watoto wao wenyewe nyumbani. Ukiwaongezea usonji juu ya hayo bila kuongeza hata senti, usishangae wakitia alama kwenye fomu na kupita.

Pamoja na hayo yote, bado nasema tuanzie nyumbani, kwa sababu miaka ya kusubiri hairudi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kungoja kaunti ipate bajeti, jengo lipauliwe, mtaalamu aajiriwe na asihamie hospitali ya kibinafsi. Tofauti yangu na wenzangu wa upande huu ni kwamba sikubali kumwacha bingwa nje. Kazi yake ibadilike. Badala ya kukaa Mombasa akingoja anayeweza kumfikia, awe na siku yake inayojulikana katika kila kaunti ndogo, Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa mfano, kwenye kituo cha afya ambacho mama anaweza kukifikia bila kupanda matatu mbili. Aje na kipimo cha masikio. Awaone watoto waliokwisha kuanza mafunzo na ambao mhudumu amewatilia shaka, na awasahihishe wahudumu wenyewe. Nayo nauli ya mama anayetumwa hospitali kubwa ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Hospitali za kaunti nyingi tayari zina wataalamu wa therapi wanaowahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo, hatuanzi sifuri.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili zimelikalia kimya, nalo linanikera. Wote wanabishana juu ya mtoto mdogo. Yale mafunzo ya walezi yanaishia miaka tisa. Mtoto huyo atafika kumi na nne, atakuwa na nguvu kuliko mamake, sauti itabadilika, ndevu zitachomoza. Akipiga kelele sokoni hatatazamwa tena kama mtoto asiye na adabu, ataonekana tishio, na sote tunajua umati wetu unavyomtendea kijana anayeonekana tishio. Binti naye ataanza hedhi bila mtu aliyemfundisha kwa picha na mazoea nini cha kufanya, na mamake ataishi na hofu asiyothubutu kuisema mbele za watu. Baadhi ya familia humfungia kijana ndani. Tunawaita wakatili, na wengine wao ni watu waliofikwa.

Mtaala mpya wa shule una njia ya wanafunzi wenye mahitaji maalum wanaosonga kwa hatua badala ya madarasa ya umri, na hatua mojawapo ni ya kujiandaa kwa ufundi. Karatasini ni jambo zuri sana. Shuleni, mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalum hujikuta na wasioona vizuri, wasiosikia na wenye usonji katika chumba kimoja, na akihamishwa kitengo kizima hulala. Vituo vya tathmini ya elimu, EARC, tunavyo tangu 1984 vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na vingeweza kumsindikiza kijana kutoka darasani hadi kwenye kazi. Mara nyingi ofisa wa kituo hana gari la kumfikisha hata kwa mtoto anayetakiwa kumpima.

Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025, kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Lakini sheria hainunui mafuta ya gari la EARC wala hailipi posho ya mhudumu. Hayo yanategemea mipango ya maendeleo ya kaunti, na iliyopo sasa inaishia 2027. Inayofuata itaandikwa baada ya uchaguzi, katika vikao vya wananchi ambavyo huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, kwenye ukumbi wenye kipaza sauti kinachokoroma. Mama wa mtoto asiyestahimili kelele, na ambaye jirani hayuko tayari kubaki naye, hawezi kuhudhuria kikao cha namna hiyo. Kaunti inayotaka maoni yake ingeanza kwa kumtuma mhudumu wa afya akayachukue nyumbani kwake, kwa maandishi, kabla ya rasimu kufungwa.