Unga Tumepokea, Mbegu Je?

Picha ile ile imerudi tena. Lori limeegeshwa kwenye uwanja wa shule, wakubwa wamejipanga mstari mbele ya unga wa msaada wa mafuriko, na mama mmoja anakabidhiwa pakiti yake huku ameambiwa aangalie kamera. Imezunguka kwenye magrupu yetu hapa Malindi tangu juzi, na chini yake watu wanaandika asanteni viongozi wetu, Mungu awazidishie. Mimi picha hii imeniudhi. Najua wapo watakaosema sina shukrani, na watu wa Garashi wenyewe, kule kando ya mto Sabaki, wataniambia unga ule waliupika na watoto wakalala wameshiba. Ni kweli, na siupingi unga. Ninachouliza ni kinachofuata lori likishaondoka. Kwa muda wote ambao nimekuwa nikifuatilia mafuriko ya Sabaki, sijaona kinachofuata.

Sisi wa mjini mto tunaujua kwa rangi ya bahari. Maji yakiwa mekundu tunaambiana Sabaki umejaa. Wakati wa kaskazi tope huja upande wetu na wenye hoteli wakalalamika. Kusi ikishika, tope huelekea Mambrui na sisi tukasahau. Lakini wekundu ule ni udongo wa mashamba ya watu. Umetoka juu kabisa, Kiambu, Nairobi na Machakos, ukashuka na Mto Athi, unaokutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na mto ulipopita eneo la Magarini, ilipo Garashi, ukazoa kingo za huko pia kabla ya kumwagika baharini. Ndiyo maana mafuriko yetu yanawachanganya wasiotujua. Garashi jua linaweza kuwaka hadi mahindi yakaanza kujikunja majani kwa kiu, kisha usiku mto ukapanda ukayafunika. Masika ya 2024 Nairobi yenyewe ilizama, na maji ya Athi hayana njia nyingine ya kufika baharini ila kwetu. Mto ulifurika wakati wa El Niño ya 1997, ukafurika 2018 na maelfu ya watu wa Magarini wakahama, ukarudi mwisho wa 2023. Hakuna mtu wa huku anayeweza kusema alishtukizwa.

Kila mara linakuja swali redioni: mbona wanalima mtoni? Linaulizwa kana kwamba wakulima ni wakaidi. Wanalima mtoni kwa sababu huko juu mvua haiaminiki. Magarini hii hii inayopelekewa msaada wa mafuriko ndiyo inayopelekewa msaada wa ukame. Tope linaloachwa na mto ndilo linalolisha mahindi, ndizi, mihogo na maembe, na unyevu wake hubaki ardhini hata mvua ikikatika. Anayemwambia mkulima ahamie maeneo ya juu amwonyeshe na hiyo ardhi iko wapi, na hati yake iko mkononi mwa nani. Suala la ardhi Magarini lina makala yake, leo siliingii.

Leo nataka tuzungumze mbegu.

Ingia jikoni kwa mama wa Kigiriama kando ya mto, utazame juu ya mafiga. Utaona uchaga. Pale ndipo mbegu inapokaa: mahindi yaliyochaguliwa wakati wa kuvuna, marefu, yenye mistari iliyonyooka, yamefungwa kwa maganda yake na kupangwa. Moshi wa kila siku unayapaka masizi mpaka yanakuwa meusi, na fukusi hawayasogelei. Mengi ni aina za kwetu kama mdzihana, ambazo mama alizipata kwa mama yake au kwa mama mkwe alipoolewa. Mbegu hii haina risiti wala lebo ya kampuni, na hakuna duka hapa Malindi unaloweza kuingia ukainunua.

Sasa maji yakija, si lazima yafike kwenye uchaga. Yanalowesha ukuta wa udongo kutoka chini, ukuta unamumunyuka, nguzo zinalegea, na paa la makuti linashuka pamoja na kila kilichokuwa chini yake. Watu wakikimbia usiku hubeba watoto, wazee, godoro kama wanaweza, mbuzi kama wanakubali kuvutwa. Hakuna anayepanda juu ya mafiga gizani kushusha mahindi. Asubuhi nyumba imelala, na msimu ujao umelala nayo.

Orodha ya hasara inaanzia kwa mzee wa kijiji, inapanda kwa chifu, inaendelea juu. Nimeona orodha kama hizo. Zina safu ya nyumba zilizoanguka, safu ya mifugo, safu ya watu waliohama. Safu ya mbegu sijaiona. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipakiwi kwenye lori.

Nina shangazi upande ule. Mara moja walipata mahindi makavu ya msaada badala ya unga, nami nikaenda kumjulia hali maji yalipopungua. Nilimkuta ameketi juu ya turubai, ungo mapajani, anachambua. Nilidhani anatoa mawe. Baada ya shikamoo nikaona analeta kila punje karibu na jicho, anaigeuza, nyingine anairudisha, nyingine anaiweka kando.

"Shangazi, hizo za kando za nini?"

"Za kupanda, mwanangu. Tope likikauka hivi hivi nitakuwa nimelipoteza."

Alizifunga punje ishirini kwenye kipande cha leso kilicholowa, akazibana pembeni ya jiko zipate joto. Niliporudi siku nyingine alikifungua kitambaa mbele yangu. Nyingi zilikuwa zimevimba tu, zinateleza na kutoa harufu. Zilizotoa mzizi zilikuwa tatu. Hakulalamika. Alizitenga zile tatu kama vitu vya kuvunjika, kisha akaenda kupanda mahindi yale yale, punje nyingi kila shimo, kwa sababu hakuwa na mengine. Mahindi yale yalikuwa chakula, yamekaa ghalani siku nyingi, yametoka mashamba ya mbali yenye hali ya hewa nyingine kabisa. Hakuna aliyemdanganya kuwa ni mbegu. Ila hakuna pia aliyemletea mbegu, na yeye alikuwa na shamba lenye rutuba mpya, nguvu mikononi, na jembe aliloazima.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tope la mafuriko halisubiri mtu. Maji yakishuka, mkulima ana wiki chache za kulipanda likiwa laini. Akichelewa, linakauka na kupasuka, jembe haliingii, na magugu yamekwisha kutangulia. Mto ukijaa Mei, mtu aliyepanda mwanzoni mwa Juni kwa mbegu ya muda mfupi atavuna kabla vuli haijaanza. Anayepata mbegu Agosti amepata kitu cha kuweka tu. Kwa hiyo kuna mlango mdogo unaofunguliwa mara moja, na misaada yetu yote huja kabla ya mlango huo kufunguka, na ukifunguka wapiga picha wameshaenda nyumbani.

Tufanye hesabu rahisi. Ekari moja ya mahindi inataka kama kilo 10 za mbegu. Kilo 10 za unga ni pakiti tano za kilo mbili, na kwa nyumba ya watu wanane hazimalizi wiki. Kilo 10 za mbegu kwenye tope jipya, hata zikitoa magunia matano tu ya kilo 90, ni kilo 450 za chakula, ambazo mtu atazila bila kupanga foleni, bila jina lake kusomwa, bila kupigwa picha. Na kutoka kwenye hizo atachagua mahindi yaliyonyooka na kuyarudisha kwenye uchaga.

Isiwe mbegu yoyote tu, tafadhali. H614 ni mahindi ya nyanda za juu. Yanakaa shambani miezi sita na zaidi, na huku kwetu vuli itayakuta hayajakomaa. Sisi tuna Coast Composite na Pwani Hybrid, zilizotokana na utafiti wa kituo cha Mtwapa, ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi. Ziwepo na kunde, maana majani yake unaanza kuchuma kabla hata mwezi haujaisha, na pojo. Ziwepo na pingili za mihogo. Mihogo ikilala majini siku chache inaoza chini, na mti wenyewe usipokufa unabaki dhaifu, kwa hivyo pingili lazima zitoke kwa jirani wa juu ambaye maji hayakumfikia. Jirani huyo yupo, na angefurahi kuziuza.

Nimewahi kusikia hoja ya watu wa misaada kwamba mwenye njaa ukimpa mbegu ataila. Hoja hii naikubali nusu. Ataila, ndiyo, ikiwa ndicho chakula pekee kilichobaki nyumbani, na ikiwa imepakwa dawa itamdhuru yeye na watoto. Basi viende pamoja, unga wa kumfikisha kwenye mavuno na mbegu ya kuyapata hayo mavuno. Lakini kuitumia njaa ya mtu kama sababu ya kumnyima kitu kitakachoiondoa njaa hiyo, hilo siwezi kulikubali hata kidogo. Shangazi yangu alikuwa na njaa. Nilimwona kwa macho yangu akitenga punje asizile.

Msalaba Mwekundu wakija na boti siku zile za kwanza, nawavulia kofia. Hiyo ni kazi ya kuokoa roho na siilinganishi na lolote. Na misitu ya juu isikatwe ovyo, na mitaro ya Nairobi izibuliwe, yote hayo nayataka. Hayatamfikia mtu wa Garashi msimu huu.

Lipo jambo jingine. Kwa ukame nchi hii ina mamlaka nzima, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, na Kilifi ni miongoni mwa kaunti inazozihudumia. Mafuriko hayana mamlaka kama hiyo. Yakija tunakimbizana, yakiondoka tunanyamaza. Oktoba 2023 tuliambiwa El Niño tuliyoiogopa haitakuja. Novemba barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikuwa chini ya maji na wenzetu wa Witu wamekatika na dunia. Lakini kuhusu mbegu sioni sababu ya kuingoja serikali kuu ya Nairobi. Katiba imeipa kaunti kazi ya kilimo, na udhibiti wa majanga ni kazi ya serikali zote mbili. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura. Mto upo, historia ipo, kituo cha mbegu kipo Mtwapa. Kinachokosekana ni mtu wa kuliandika jambo hili kwenye bajeti.

Ninachokiona mimi ni ghala la mbegu katika kila wadi inayoguswa na mto, Garashi, Sabaki, Magarini, lililojengwa mahali ambapo maji hayafiki na kujazwa kabla ya masika na kabla ya vuli. Mbegu zinunuliwe kwa wakulima wa juu waliovuna vizuri, zijaribiwe kama zinaota, ziwekwe alama ya mwaka, na zile zisizotumika ziuzwe kwa bei nafuu kabla hazijazeeka ili ghala lijazwe upya. Pale ambapo ghala halijakuwepo, itolewe vocha mtu akachukue kwenye agroveti ya Gongoni au ya hapa mjini. Akina mama wasimamie, maana wao ndio waliokuwa wakisimamia uchaga tangu zamani, na wanajua kuitambua punje mbaya kwa kuigusa tu.

Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao kwanza. Kikao kikiitishwa nitakwenda na maswali yangu: mbegu za mafuriko ziko ukurasa gani, ni kilo ngapi, za aina gani, zitahifadhiwa wapi, na mto ukijaa usiku ufunguo wa ghala anao nani? Ninyi wa Garashi, Baricho, Marafa na Mambrui mnaosoma hapa, njooni tuulize pamoja. Asiyeweza kuja kwa ajili ya nauli aniandikie mbegu iliyopotea nyumbani kwao, mdzihana, kunde, pojo, chochote kilichokuwa juu ya mafiga, nami nitaisoma kwa jina nikipewa kipaza sauti.