Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja

Mwaka jana, ilipokaribia Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kuna watu waliokuwa wanaandaa hafla hapa Arusha wakaniomba niwatafutie "mkimbizi mwenye kipaji". Aje na gitaa lake, aimbe nyimbo mbili za kugusa mioyo, aeleze kidogo jinsi muziki ulivyomwokoa. Dakika kumi zinatosha. Nikampigia Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Bezi iko?" Nikamwambia hakuna bezi, ni wewe na gitaa tu. "Basi hawataki muziki," akasema, akakata simu.

Mwalimu ndivyo tunavyomwita kwenye kwaya yetu huku Kijenge. Jina lake silitaji, na habari za karatasi zake naziacha kama zilivyo. Ni mtu wa Uvira, Kongo, kaskazini kabisa mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo usiku ukisimama ufukweni unaona taa za Bujumbura ng'ambo. Vita ilipoingia Uvira Oktoba 1996 alikuwa na bendi ya vijana yenye magitaa matatu kama ilivyo desturi ya Wakongo: ridhimu, mi-solo na solo. Solo alipiga yeye. Mi-solo, lile gitaa la katikati ambalo msikilizaji wa kawaida hajui kama lipo mpaka siku linyamaze, alipiga mdogo wake. Walikimbia wakifuata ufukwe kuelekea kusini. Walipofika Baraka mdogo mtu akarudi nyuma kumfuata mama yao, mkubwa akavuka ziwa hadi Kigoma. Hawajaonana tena.

Aliishia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Gitaa alilopiga pale lilikuwa debe la mafuta ya kula ya mgao, shingo ya ubao, na nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Waya wa breki ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Unaufumua, unachukua uzi mmoja kwa sauti ya juu, na kwa sauti ya chini unasokota miwili au mitatu. Waya huo unakata vidole vibaya sana. Mpaka leo ncha ya kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, ni ngumu kama kwato.

Watu huipenda sana hadithi ya debe. Nami naipenda, ndiyo maana mmenikuta nimeshaisimulia. Lakini ukimsikiliza yeye mwenyewe, debe analipa sentensi moja. Anachokizungumzia kwa kirefu ni ratiba. Kambini, anasema, siku zote ni za wengine. Unangoja mgao, unangoja majina yabandikwe, unangoja usaili wa kupelekwa nchi ya tatu, na sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998 inakutaka ukae pale ulipopangiwa, ukitoka utoke na kibali. Yeye akachukua Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, akazifanya zake. Ukichelewa, hupigi. Watu walimwona kichaa: unamfukuza mtu mazoezini kwa dakika tano wakati hana pa kwenda mwaka mzima! Ila walikuja. Kuna mmoja, anasema, aliyeacha kunywa Alhamisi, siku nyingine akaendelea kama kawaida.

Kwa hiyo kila nikisikia kwamba muziki huleta matumaini, kana kwamba ni dawa ya kikohozi, unameza tu unapona, naona tunaongea kivivu. Na sisi wa Arusha tulipaswa kuwa wa mwisho kuongea hivyo. Pale AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, ambapo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilisikiliza kesi zake hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, alishtakiwa Simon Bikindi, mwanamuziki wa Rwanda aliyekuwa na jina kubwa nchini mwake. Desemba 2008 alihukumiwa miaka 15. Tuseme kwa usahihi: hakutiwa hatiani kwa nyimbo, bali kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, akihimiza Watutsi wauawe. Lakini majaji waliona pia kwamba baadhi ya nyimbo zake zilitungwa kwa makusudi ya kuchochea chuki ya kikabila, na nyimbo zake zilipigwa kwenye RTLM, redio iliyochochea mauaji yale, watu wakiendelea kufa. Ala zile zile, vibwagizo vile vile vya kuitikia, na bila shaka naye alikuwa na siku za mazoezi.

Niliwahi kumtajia Mwalimu habari hii, nikidhani itamuudhi. Akasema tu kwamba Uvira pia walikuwepo waliowaimbia wenye bunduki, na walilipwa vizuri.

Kulipwa. Hapo ndipo ninapotaka kufika, na nitamsema mtu bila kumtaja. Kuna harusi moja tulipiga hapa mjini, mimi nikiimba, Mwalimu na vijana wake kwenye magitaa. Kamati ilikuwa kamati kweli kweli: vikao kila Jumapili, michango inasomwa kwa majina, mpambaji analipwa kabla, MC analipwa kabla, ndafu ameingia ukumbini kwa shangwe na majani mdomoni. Makubaliano na bendi yalikuwa laki tatu. Saa sita usiku mweka hazina akatuletea bahasha yenye laki moja na nusu, akamshika Mwalimu bega akamwambia, kwa upole kabisa, "Mzee wangu, lakini si unapiga kwa moyo?" Mwalimu akahesabu, akagawa kwa watu watano palepale kwenye ngazi, kisha akatembea kurudi nyumbani na gitaa mgongoni kwa sababu hela ya bodaboda haikubaki.

Tumezoea. Nchi hii imecheza muziki wa watu wa Kongo tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja Dar mwaka 1978, na mpaka leo kule Sinza konda akisema "Kwa Remmy" hakuna anayeuliza ni wapi. Jina la kituo cha daladala tunatoa bila kusita. Ada ya usiku mmoja ndiyo inayotutoa jasho. Rumba ya Kongo ilipoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2021, nilimpelekea Mwalimu habari kwa furaha. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Vizuri. Na nyuzi bameleta?"

Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa akipiga na gitaa moja la pili, la ridhimu. Katikati kulikuwa na pengo, na ukiwa na sikio ulikuwa unalisikia, kwa sababu alikuwa analiachia nafasi. Nilimuuliza kwa nini asimfundishe mtu mi-solo. Akasema gitaa hakuna. Gitaa lilikuwepo, limeegemea ukutani.

Februari 2025, mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ulipochukuliwa na waasi wa M23, dada yake alikuwa huko na simu haikupatikana. (Alipatikana baadaye, mzima.) Alhamisi ilifika akiwa bado hajapatikana. Sikutegemea kumwona Mwalimu, lakini saa kumi na moja kasoro alikuwepo, amekaa kwenye benchi, anakaza nyuzi za lile gitaa la ukutani. Akamwita kijana mmoja wa Ngarenaro, dereva wa bodaboda, ambaye kwa miezi alikuwa anakuja kusikiliza tu na helmeti mapajani. Akamwonesha vidole viweke wapi, mara tatu, bila neno. Tukaanza. Simu ya kijana ikaanza kutetemeka mfukoni, abiria huyo, akaangalia chini, vidole vikaingia nusu ya pigo baadaye.

Mwalimu akasimamisha wote.

"Umechelewa kuingia. Tena."