Siku tano Lesotho, nimerudi namuwaza mama

Ndugu zangu nimerudi juzi hapa Leeds, Uingereza, tulikua Lesotho mimi na mke wangu na watoto wawili kumuona dada yangu anayefundisha kule Roma, mji wa huko huko Lesotho, siku tano tu maana likizo yenyewe ndo iliyobaki hiyo, ila aisee zimenikaa kichwani vibaya mno.

Kinchi kidogo kimezungukwa chote na Afrika Kusini, toka Johannesburg ni masaa kama matano kwa gari mpaka daraja la mpakani pale Maseru. Nchi nzima iko juu ya mita 1,000 na mwezi wa saba ndo baridi yenyewe. Mimi ni mtu wa Makete, kule Njombe kwenye baridi kama hiyo hiyo, asubuhi ya kwanza natoka nje nakuta sakitu kwenye nyasi, moshi unatoka majikoni, watu wamejifunika mablanketi wanateka maji, yaani nilisimama pale mlangoni sisemi kitu. Ugali wanaita papa, nyama ni nama, mtu ni motho, mwanangu wa miaka 8 akawa anauliza baba mbona wanaongea kama sisi.

Na huwezi kumpita mtu kimya, lazima umsalimie, lumela ntate kwa baba, lumela 'm'e kwa mama. Hapa Leeds nina miaka 12 na jirani wa ukuta mmoja simjui jina. Sio watu wabaya, mke wangu alijifungua hapa akahudumiwa vizuri na hatukudaiwa hata senti, hilo siwezi kulikana.

Sasa kilichonigusa ni yule bibi jirani wa dada, huko bibi wanamuita nkhono. Analea wajukuu watatu, watoto wake wote wako Afrika Kusini, mmoja mgodini mwingine kazi za ndani. Tulipoingia kwake akaona binti yangu mdogo anatetemeka, akachomoa ile pini kubwa kifuani akavua blanketi lake akamfunika mtoto, yeye akabaki na sweta. Afu akaniuliza, dada anatafsiri, mama yako anaishi na nani? Nikasema yuko na binti wa kazi, namtumia hela kila mwezi. Akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuchochea moto.

Wenzetu wale wanaume wao wameenda migodini vizazi na vizazi, hata maji ya bwawa la Katse yanauzwa Afrika Kusini. Na sisi Wakinga wa Makete je? Tunasifiwa biashara, tumejaa Mbeya tumejaa Kariakoo wengine ndo huku Ulaya, kijijini wamebaki wazee na watoto. Mimi naona tunajidanganya kwamba ukishatuma hela umemaliza, mama hajaniona miaka minne na mwaka jana hela ya tiketi nilikua nayo, nikapeleka familia Hispania kuota jua. Naumia kuliandika hili lakini ndo ukweli, na najua niko na wenzangu wengi.

Siku ya kuondoka nikanunua blanketi la sufu pale Maseru, zito, la kahawia lina michoro ya mahindi. Dada akasema tulitume kwa mzigo litafika, nikakataa. Jana nikampigia mama nikamwelezea rangi yake, akanyamaza kidogo afu akauliza, unalileta lini?