Walianza na ekari 160, ndugu yangu

Wiki iliyopita mhamasishaji mmoja, yule anayetuamsha kila alfajiri kwa "habari za ushindi", katuma picha kwenye kundi letu la wahitimu. Familia ya Kizungu iko nje ya nyumba ya udongo, meza imetolewa uani, tikiti maji liko mezani, na juu ya paa amesimama ng'ombe. Chini yake kaandika: "Hawa walianza bila kitu. Hakuna serikali iliyowasaidia. Wewe unasubiri nini?"

Makofi yakamiminika. Mimi usingizi ukakata.

Picha hiyo naijua. Ilipigwa mwaka 1886 huko Marekani, wilaya ya Custer (Custer County), jimbo la Nebraska, na Solomon Butcher, aliyekuwa akizunguka na gari lake la farasi kuwapiga picha walowezi. Ng'ombe hakupaa. Nyumba imechimbwa ubavuni mwa kilima, kwa hiyo malisho yanaishia kwenye paa. Mtu aliyekulia Kongwa hahitaji maelezo: mbuzi wa bibi yangu walikuwa wanashinda juu ya tembe, na sisi tukiwafuata tunachapwa, maana huko juu ndiko kulikoanikwa mtama. Nebraska hakukuwa na miti, basi watu wakakata udongo kwa plau pamoja na nyasi na mizizi yake, wakapanga vipande kama matofali. Kwa utani wakaviita marumaru ya Nebraska. Mvua ikikatika nje, ndani inaendelea kudondoka. Mara nyoka naye kadondoka, hadi akina mama wakatundika shuka chini ya paa ili uchafu usiingie chunguni. Sasa ingetumwa picha ya tembe la Kongwa kwenye kundi lile lile, ungeona: "umaskini", na mtu angeanzisha mchango. Ya Nebraska ni "uthubutu". Haya.

Lakini kilichonikera zaidi ni hilo la "hakuna serikali".

Serikali ndiyo iliyowapa shamba! Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kugawa mashamba, Homestead Act, tarehe 20 Mei 1862, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Mkuu wa kaya, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, awe raia au ameshatangaza nia ya kuwa raia, anapewa ekari 160. Ada zote ukijumlisha ni dola 18. Kaa miaka mitano, jenga, lima, leta mashahidi wawili, chukua hati yako. Ekari 160, jamani! Mimi nina ndugu wawili wa tumbo moja wanaopelekana baraza la ardhi la kata kwa ajili ya hatua nne za mpaka. Hadi utaratibu ule unakoma, karibu ekari milioni 270 zilikuwa zimegawiwa, sehemu moja ya kumi ya nchi yote. Mwaka huo huo wa 1862 ikapitishwa sheria ya reli ya kwenda Pasifiki, na kampuni za reli zikamegewa ardhi kando ya njia. Baadaye ni reli hizo zilizopeleka sokoni ngano ya huyu asiyesaidiwa na mtu. Nzige walipovamia mwaka 1874 na kutafuna mpaka mipini ya majembe, jeshi likagawa makoti na viatu, Bunge likatoa fedha za chakula na mbegu. Kama huo si msaada, naomba na mimi nisisaidiwe namna hiyo hiyo.

Tena jeshi halikugawa makoti tu. Tarehe 26 Desemba 1862, siku sita kabla sheria haijaanza kutumika, wanaume 38 wa kabila la Wadakota, wenyeji wa ardhi ile, walinyongwa kwa mpigo pale Mankato, Minnesota, baada ya Lincoln huyo huyo kuipitisha orodha. Waliingia vitani na Wamarekani ardhi yao ikiwa imeshaondoka na malipo waliyoahidiwa yakicheleweshwa huku watu wana njaa. Wapawnee wa Nebraska nao, katika miaka ya 1870, wakahamishiwa kusini, Oklahoma ya leo. Hilo jina Custer lenyewe ni la ofisa wa jeshi aliyeuawa mwaka 1876 akipigana na Walakota na Wacheyenne. Yaani wilaya iliyo kwenye picha imebeba jina la mmoja wa waliomfagilia mkulima uwanja! Kiswahili kina neno la watu hawa: walowezi. Mhamasishaji wetu kaandika "wapambanaji". Awaulize Wakenya wa Bonde la Ufa kama neno moja linaweza kukaa mahali pa jingine.

Sawa, waliteseka. Hilo nalikubali, shingo upande. Wengi hawakuuona mwaka wa tano. Wenyewe walitaniana kwamba serikali imekuwekea dau la ekari 160 kuwa utakufa kwa njaa kabla. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi kulikuwa na joto lisilo la msimu, watoto wakaenda shule na nguo nyepesi, kisha dhoruba ya theluji ikashuka ghafla. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 235, wengi wao watoto. Na walikuwapo Weusi pia, waliotoka Kentucky na kumbukumbu za utumwa mgongoni, wakaanzisha Nicodemus, Kansas, mwaka 1877, wakaishi kwenye mashimo. Inasimuliwa kwamba baridi ya kwanza waliivuka kwa nyama waliyogawiwa na Waosage, wenyeji wengine wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda.

Ninayemvulia kofia ni mama wa nyumba ile. Mume akiwepo, yeye hakuruhusiwa kuomba shamba kwa jina lake; mjane aliruhusiwa, msichana asiyeolewa aliruhusiwa. Kuni hazipo, kwa hiyo anaokota mavi makavu ya nyati, na nyati walipomalizwa, ya ng'ombe, na magunzi ya mahindi. Moto wa samadi hauna subira: anakanda unga, anachochea, ananawa, anarudi kukanda. Maji ni ndoo, na kisima kiko kwa jirani. Kuna mmoja, mume wake alipoiona kamera ya Butcher akafurahi, yeye akagoma. Ndugu zake waliobaki mashariki wataionaje nyumba ya udongo? Kinanda kikaburutwa hadi uani, familia ikakizunguka, nyumba ikaachwa nje ya picha. Huyo angekuwa mwenzetu kabisa. Nani hapa hajawahi kupiga picha ameegemea gari la watu?

Sijui niseme nini kuhusu wale waliowaaminisha watu kwamba mvua hufuata jembe. Lima tu, mawingu yatakuja. Kampuni za reli zikabandika mabango hadi Ulaya yenye ngano za kufunika mtu, kisha ukaja ukame wa miaka ya 1890, na ule wa miaka ya 1930 ukapeperusha udongo wenyewe. Kongwa tulipata toleo letu mwaka 1947: Waingereza na matrekta ya mradi wao wa karanga, wakafungasha virago mwaka 1951.

Nimeyakumbuka mabango hayo kwa sababu jana mhamasishaji katuma jingine. Viwanja nje kidogo ya Dodoma, vimepimwa, malipo kidogo kidogo, "mji unakuja huko, wahi". Na ile picha ya ng'ombe juu ya paa kaiweka tena hapo chini.

Nikamwandikia pembeni: kaka, kabla hujakipima, hicho kiwanja kilikuwa shamba la nani?

Tiki mbili za bluu, tangu jana saa tatu usiku.