Ukinipigia makofi basi uwe umesikiliza

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mi naona "hongera mtumishi" inaua grupu la wapiga piano kuliko hata umeme kukatika. Najua kuna watakaosema huyu ana roho mbaya, sawa, ila nisikilizeni kwanza.

Tuna grupu letu la Whatsapp la watu wanaojifunza piano, wengi tupo hapa Kigoma mjini, Mwanga, Gungu, Katubuka, wengine Kasulu na Uvinza, kuna wa Tabora, na jirani zetu wachache wa Bujumbura ambao Kiswahili chao kikichanganyika na Kirundi sisi Waha wala hatuhangaiki. Mtaalamu hakuna. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, nesi, fundi simu, kijana wa bodaboda, mama mmoja ana duka la vitenge. Karibu wote tumetokea kwaya, kinanda cha kanisani ndo kilitulea, na tukisema ukweli tunapiga kinanda, piano tunaiita kwa heshima tu. Funguo 61, oktava tano (doh mpaka doh ya juu yake ndo oktava moja), wakati piano kamili ina 88. Piano yenyewe ya nyuzi huku mwisho wa reli utaipata wapi, na hata ukiipata, masika yakiingia na unyevu wa ziwa ule mbao zinavimba, nyuzi zinatoka kwenye sauti yake, alafu fundi wa kuja kuzirudisha umtoe wapi? Kwa hiyo mtu anakuta kipande kinashuka mpaka nota ambayo kwenye kinanda chake haipo, anapandisha besi oktava moja, anarekodi hivohivo, anatuma.

Sasa kurekodi kwenyewe jamani. Mvua ikianza kupiga mabati hamna kitu, unazima kinanda unakaa unaangalia dirishani. Ikikata, jogoo. Jogoo akinyamaza, jirani kafungulia redio. Ukiweka simu juu ya spika ya kinanda sauti inakwaruza, ukiiweka pembeni ya funguo unasikia vidole tak tak tak kuliko wimbo wenyewe, inabidi uisogeze kama hatua moja hivi uiegeshe kwenye vitabu vya nyimbo. Alafu voisi ya Whatsapp imetengenezwa kwa ajili ya mtu kuongea, inabana sauti ili iwe nyepesi, na simu nyingi zikisikia nota ndefu inayofifia taratibu zinaona ni kelele zinaikata. Unasikiliza kazi yako unajiuliza huyu ni mimi au ni kengele ya baiskeli. Dawa ni kurekodi na programu ya pembeni kisha ukatuma faili kama dokumenti, haliguswi, linafika kama lilivyo.

Ila wengi bado tunatuma voisi, na sio kwa sababu hatujui. Voisi ina kitu kimoja dokumenti haina: ukiibonyeza ukaangalia taarifa zake inakuonyesha nani kaifungua kaisikiliza. Mi niliangalia siku moja nimetuma kipande changu cha kama dakika nne, ndo kimeingia tu, emoji zikaanza kumiminika, makofi, moto, hongera mtumishi, Mungu akuinue, ubarikiwe sana, nikasema ngoja nione. Waliosikiliza walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wapiga makofi wengi hawamo! Mtu kapiga makofi kabla hata dakika nne hazijapita tangu nitume, kasikiliza saa ngapi?

Simlaumu sana, bando ni hela na watu wana kazi, na sisi tumelelewa hivo, mtu akifanya jambo unampongeza, kukaa kimya ni kama kumdharau. Kwenye harusi sawa. Kwenye msiba tunatoa pole bila kuuliza marehemu aliumwa nini, sawa pia. Lakini mtu anayejifunza chombo anatuma rekodi kwa sababu yeye mwenyewe hajisikii vizuri. Ukiwa unapiga, akili yote ipo kwenye vidole, masikio yanabaki na kazi ndogo sana. Anahitaji sikio la mtu mwingine, hicho tu, na sisi tunampa emoji. Akipewa emoji mwezi mzima anaanza kuona mambo mawili, aidha yeye ni bingwa au hakuna anayemjali, na wote wa aina hizo mbili huwa wanapotea, wa kwanza haoni sababu ya kufanya mazoezi, wa pili anauza kinanda.

Nipeni nafasi niwape mfano ulionifanya niandike hii. Yule mwalimu wetu wa Kasulu alikuwa anahangaika na ile Minuet ya G ambayo kila anayeanza anapewa, vitabu vingi vimeiandika jina la Bach, yule mtunzi mkubwa wa Ujerumani, ingawa wataalamu walishathibitisha ni ya Christian Petzold. (Ilikaa na jina la Bach kwa sababu ilikutwa kwenye daftari la mke wake, Anna Magdalena, lililoanzwa 1725, daftari la nyumbani kabisa, familia inanakili humo vipande vya watu mbalimbali ili wapige sebuleni. Ndo kile kile tunachofanya sisi, wao walikuwa na wino sisi tuna bando.) Basi mwalimu katuma, makofi kama kawaida. Baadaye usiku yule kijana wa bodaboda akaandika, na namna alivyoandika ndo nataka muione, maana mwalimu ni mtu mzima anaweza kumzaa: "Shikamoo mwalimu. Samahani naomba kuuliza, pale kabla hujarudia sehemu ya kwanza, mkono wa kulia unasimama kidogo kama unamsubiri mtu. Unafanya makusudi?"

Anauliza! Hajasema umekosea. Mdogo hawezi kumwambia mkubwa umekosea hadharani mbele ya wanawake na wageni wa Bujumbura, lakini kuuliza anaruhusiwa. Mwalimu akajibu marahaba, akakaa kimya, nadhani alienda kujisikiliza, akarudi na kusema kumbe anavuta pumzi. Yaani yeye ni mtu wa besi kwenye kwaya miaka yote, amesoma muziki kwa solfa, yaani doh re mi, mkono wa kulia anaupa sauti ya kwanza na ya pili, wa kushoto teno na besi, na kila mstari ukiisha kwaya nzima inavuta pumzi, kwa hiyo na vidole vyake vinavuta pumzi. Wakati ile ni dansi, mapigo yanaenda matatu matatu, ukisimama hapo wanaocheza wanakanyagana. Na kijana aliligundua kwa nini? Kwa sababu na yeye alikuwa na ugonjwa huohuo, ndo kwanza amepona.

Ndo maana sina hamu na mabingwa. Kuna grupu lingine nilikuwepo lilikuwa na mtu anajua kweli, kila rekodi anakuja na orodha, mkao mbaya, kifundo cha mkono kimelala, vidole bapa, pedali hamna, transipozi (kile kitufe kinachohamisha wimbo mzima juu au chini) unaitumia nakuona. Yote kweli! Na watu wakaacha kutuma mmoja mmoja mpaka akabaki anaposti zake mwenyewe. Anayejua sana ameshasahau maumivu yalikuwa wapi. Aliyekutangulia hatua moja anakumbuka, na atakwambia kitu kimoja ambacho kesho asubuhi unaweza kukifanya kabla hujaenda kazini.

Hilo la transipozi nalo, nisilipite. Wengi wetu tumezoea kupiga kila wimbo kwa C alafu kitufe kinatubebea mpaka doh ya A flati, na kwenye sauti tupu huwezi kujua. Ndo maana kuna waliopendekeza video tu, kamera juu ya mikono. Mi nakubali nusu. Video inakula bando, na wale akina dada ambao hawapendi kuonekana nyumbani kwao watakaa pembeni, japo kurekodi mikono tu bila sura inawezekana, mama wa vitenge anafanya hivo na unaona mpaka pete inavyogonga. Mwenye kutaka kutuma sauti atume sauti, na mwenye kutumia transipozi aseme, kwisha. Ila ninachopinga kwa nguvu zote ni hawa walioanza kuunganisha kinanda na kompyuta, programu inachukua nota zako inazipanga zote kwenye mpigo, kila kidole kinaangukia mahali pake kama kimepimwa na rula. Inasikika vizuri sana. Sasa mimi nikusaidie nini hapo? Nitakwambia mkono wa kushoto unakimbia na wakati haukimbii, programu imeushika? Hiyo weka kwenye status yako ndugu yangu, huku tuletee ile yenye kujikwaa, ile uliyopiga mara moja ukasema liwalo na liwe.

Juzi admini ametoa wazo kwamba wasiotuma rekodi miezi kadhaa watolewe, grupu limejaa watu bubu. Wapiga makofi ndo walikuwa wa kwanza kuunga mkono. Nikarudi kwenye voisi zangu, nikabonyeza taarifa moja baada ya nyingine, na unajua majina yaliyokuwepo kila mara? Hao hao bubu. Kuna dada wa Uvinza sijawahi kumsikia hata kuandika "amen", na hakuna voisi yangu aliyoiruka, nyingine kafungua usiku wa manane nadhani ndo akitoka zamu. Nilimwandikia inbox kumuuliza ana kinanda gani, akajibu hana bado, anasubiri mavuno ya muhogo, kwa sasa anafuatisha nota kwa vidole juu ya meza huku anasikiliza zetu. Alafu akaongeza, kwa adabu zote, kwamba kipande changu cha mwezi uliopita nilianza kwa mwendo mmoja nikamaliza kwa mwingine.

Ni kweli, niliusikiliza. Admini, huyo ukimtoa na mimi natoka.