Kabla ya Kuukata Mfupa, Waulizeni Wenyewe

Sina ugomvi na wanaopima umri wa mifupa. Kinachonikera ni mtindo wa kuchukua mfupa wa babu wa watu, kuukata, halafu kuwaambia wajukuu kwamba huyo si wao.

Angalieni kisa cha Kennewick, jimbo la Washington, Marekani. Julai 1996 vijana wawili waliona fuvu katika Mto Columbia, na baadaye ikapatikana karibu mifupa yote ya mwili. Mwanaakiolojia wa kwanza kuitazama alidhani ni mlowezi wa Kizungu, mpaka alipoona ncha ya mkuki wa jiwe ndani ya nyonga, kidonda kimeshapona na mfupa umeota kuizunguka. Kipande cha mfupa wa kiganja kikapelekwa maabara.

Huko hutolewa kolajeni, yaani protini ya mfupa, ikapimwa kaboni-14 iliyobaki, aina ya kaboni yenye mionzi. Mtu akishakufa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Kipande kilichopimwa ndiyo basi tena, hakirudi. Na jibu lenyewe halitoki limeiva: bahari ina kaboni kongwe, kwa hiyo mlaji wa samaki na sili huonekana wa kale kuliko alivyo. Huyu alikuwa mlaji mkubwa wa vitu vya baharini. Makadirio ya mwanzo yalipita miaka 9,000. Mlo wake ulipozingatiwa, yakashuka hadi karibu 8,500.

Wenyeji wa Marekani, wakiwemo jamii za Umatilla, Yakama na Colville, walitaka wamzike mzee wao. Wanasayansi wakaenda mahakamani, na mwaka 2004 wakashinda rufaa: eti undugu haujathibitika. Mwaka 2015 vinasaba vikaonyesha yuko karibu na Wenyeji wa Marekani kuliko watu wengine wowote walio hai. Uchunguzi huo ulisaidiwa na watu wa Colville, waliokubali kutoa vinasaba vyao vya kulinganishia. Waliombwa, wakatoa.

Najua mtasema bila maabara wasingepata ushahidi. Sawa, lakini aliyewadai ushahidi ni nani? Mzee alizikwa Februari 2017, zaidi ya miaka 20 tangu aonekane.

Kwangu mimi, msumeno usiguse mfupa kabla ya makubaliano na jamii husika: kinakatwa kiasi gani, data inakaa kwa nani, na mabaki yanarudi lini. Wakikataa, wamekataa.