Bahari iko mlangoni, kwa nini tununue maji ya mkokoteni?

Kila maji yakikatika hapa Mombasa kuna swali moja lazima litoke, barazani ama kwenye magrupu ya mtaa: bahari imetuzunguka pande zote, kwani hawawezi kuitoa chumvi tukanywa? Waarabu wanywa bahari miaka na miaka, sisi twangoja nini? Mimi mwenyewe nimeliuliza sana tu na bado naona ni swali la haki, lakini kila nkilichimba naona jibu halitaki haraka.

Nianze na wanaotaka mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, manake hoja zao ni nzito. Kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu yatoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi kwa bomba la tangu miaka ya 1950 lenye urefu wa kilomita kama 220, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, mengine Marere kule Shimba na visima vya Tiwi, na yote ukiyaweka pamoja hayafiki hata nusu ya yale mji unayohitaji. Tena kila chanzo kina wenyewe. Watu wa Taita Taveta bomba la Mzima lapita kwao na wao bado walalamika kiu, na Sabaki ndio ule ule mto Athi unaoteremka kutoka upande wa Nairobi na uchafu wake. Mvua nayo siku hizi huwezi kuitegemea. Bahari haijui kiangazi.

Halafu kuna hesabu ya pesa ambayo wengi hawaipigi. Mtungi wa lita 20 kwetu ni shilingi 20, siku maji yamekatika kabisa yafika 50. Kwa hivyo hata siku nzuri lita 1,000 zamtoka mtu shilingi 1,000. Mitambo mikubwa ya kisasa huko duniani yatoa lita hizo 1,000 kwa nusu dola mpaka dola moja hivi, tuseme shilingi 65 hadi 130, bado hujatia gharama ya kuyasambaza. Basi anayesema maji ya bahari ni ghali akamuulize kwanza mama wa Kisauni alipa ngapi kwa wiki. Maji ya bei ya juu kabisa mjini hapa ni ya mkokoteni, na wanaoyalipia ni wale wasio nacho.

Na msituambie tuchimbe visima. Shangazi yangu Majengo ana kisima uani, nlipokuwa mdogo tukinywa maji yake na chai yapikwa nayo. Sa hii sabuni haitoi povu, ukikosha kikombe chabaki na utando mweupe, chai waitia vijiko vitatu vya sukari na ulimi bado waionja chumvi. Sababu ni kwamba huku chini maji matamu yaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, manake ni mepesi kidogo, na ukiyavuta mpaka yakashuka mita 1 yale ya chumvi yaweza kupanda kama mita 40 kutoka chini. Sasa kila ghorofa jipya lachimba lake, pampu zazunguka usiku kucha, na anayepata hasara ni jirani mwenye kisima cha ndoo na kamba.

Mpaka hapo ungenipa karatasi ya kuunga mkono mtambo ningetia sahihi. Lakini juzi nlikaa na mzee mmoja mvuvi ufukweni upande wa Mkomani, nkamueleza habari hii yote, akanisikiza mpaka mwisho akauliza neno moja: "Mwanangu, hiyo chumvi mukishaitoa mwaitia wapi?"

Hapo ndipo penye kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa wa 2019 ulihesabu mitambo kama 16,000 duniani, yatoa mita za ujazo milioni 95 za maji matamu kwa siku, na yatupa milioni 142 za maji ya chumvi kali. Yaani unachotupa ni kingi kuliko unachokunywa. Maji hayo ni mazito, yazama yakalala chini, na chini ndiko kwenye majani ya bahari anakolishia samaki tasi. Bahari kuu yenye mkondo yayachanganya haraka, lakini uyamwage ndani ya mkono wa bahari kama Tudor yatazunguka hapo hapo na mikoko yake. Na bahari yenyewe haiko na afya ya kubeba kila kitu, 1998 joto lilipausha matumbawe ya pwani yetu mengi yakafa, na 2024 ikatangazwa kwamba yapauka dunia nzima kwa mara ya nne.

Stima pia. Kila lita 1,000 zala yuniti 3 mpaka 4, na bili za stima twazijua. Ila hapa niwe mkweli, stima ya Kenya sehemu kubwa yatoka mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo ile hoja ya moshi haitubani sisi kama inavyowabana wanaochoma mafuta.

Kinachonitisha zaidi ni vyoo. Cape Town walipokaribia kukaukiwa 2018 waliweka mitambo midogo midogo, ule wa pale bandarini ukafungwa 2019 kwa ugomvi, kampuni ikisema maji ya bahari ni machafu kuliko mkataba ulivyosema. Sasa sisi ambao sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya majitaka, na kinyesi chateremka baharini kikiwa kibichi, tutachuja nini? Bahari hiyo hiyo tuifanye choo na kisima kwa pamoja?

Kwa hivyo mimi siukatai mtambo, nataka majitaka na mabomba mabovu yatangulie. Nchi hii zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotiwa bombani yapotea ama yaibiwa kabla hayajalipiwa, na kutia maji ya bei hiyo kwenye pakacha ni dhambi. Najua na hili lina ubaya wake, manake "turekebishe kwanza" ni wimbo tulioimbiwa tangu utotoni, mpango wa mitambo ya bahari ulitangazwa 2018, bwawa la Mwache la kutuletea maji nalo twalisubiri, na shangazi hawezi kunywa subira. Basi vifanywe pamoja, lakini mkataba usitiwe sahihi kabla wavuvi hawajaoneshwa mchoro wa bomba la chumvi laishia wapi.

Yule mzee nlimchorea pale pale mchangani, ufuo, mwamba, bahari kuu. Akaweka kidole nje ya mwamba akasema hapa kusi likivuma mkondo wayachukua. Nkachora bomba jengine linaishia upande wa ndani wa mwamba, karibu na ufuo. Hakusema kitu, alilifuta kwa kiganja.